Majani ya Shyaka

Shyaka aliusukuma mlango wa maabara kwa bega, akaingia na jembe mkononi.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, saa nne asubuhi. Viwanda vya Masoro vilikuwa kimya, na mlinzi Nkusi alikuwa nje na wenzake wakizibua mtaro. Mtafiti Winifred alibaki ndani peke yake, kwa kuwa seli za saratani ya mapafu alizokuwa akizikuza zilitakiwa kubadilishiwa maji ya lishe siku hiyo.

Hakushtuka. Kwa miaka miwili Shyaka ndiye aliyemletea kutoka Kabuga magunia ya majani aliyoyafanyia majaribio. Miezi mitatu nyuma, kwa furaha, Winifred alimwita kwenye hadubini akamwonyesha seli zilizosinyaa baada ya kutiwa maji yaliyokamuliwa kutoka majani yake. "Zimekufa," alimwambia. Alitaka kumshukuru tu. Hakujua kwamba Mugeni, mke wa Shyaka, alikuwa ameanza kukohoa damu.

"Nimekuja kuchukua dawa," Shyaka alisema.

"Nilikwambia Jumatatu, kaka. Hakuna dawa."

"Iko hapa. Niliona na macho yangu. Hospitali wamesema tumrudishe nyumbani, na wewe umefungia dawa kwenye friji."

"Ile inaua hata seli zenye afya. Panya tuliowapa walikufa wote."

"Mke wangu si panya."

Alizungusha jembe. Pigo la kwanza lilipasua kioo cha kabati la majaribio. La pili Winifred alilikinga kwa mkono wa kushoto, na wote wawili wakausikia mfupa ukivunjika. Shyaka alisimama, mdomo wazi, akiutazama ule mkono uliopinda pasipo kiungo. Winifred alidhani yameisha. Lakini Shyaka alimruka pale sakafuni alipoanguka, akafungua friji na kutoa chupa ya kahawia yenye jina la majani yake.

Ndani yake kulikuwa bado na methanoli, ile spiriti ya kukamulia mimea. Mafunda machache yanampofusha mtu. Zaidi ya hapo yanamuua.

"Hiyo ni sumu!" alimwambia. "Haijachujwa. Utamuua."

"Unasema hivyo kila siku."

Angeweza kumwacha aende, kisha amwite Nkusi. Lakini Nkusi alikuwa mbali, na pikipiki ya Shyaka ilikuwa mlangoni. Akilini Winifred alimwona Mugeni akiinuliwa kichwa kwenye mto, kijiko kikisogezwa mdomoni. Akamrukia Shyaka miguuni, akamng'ata nyuma ya goti mpaka akaonja damu. Shyaka alimpiga teke la mbavu. Winifred hakumwachia. Shyaka akamkamata nywele, akakibamiza kichwa chake kwenye mguu wa meza mara mbili, tatu, na jino moja likamtoka.

Kwa mkono mzima Winifred alipapasa kigoda cha chuma, akakizungusha kwa nguvu zote alizobaki nazo. Kilimpata Shyaka kwenye ugoko. Akaanguka kama gunia, chupa ikabiringika chini ya meza bila kuvunjika. Walitambaa wote wawili kuifuata, wakisukumana juu ya vioo. Winifred alifika kwanza. Kazi ya miezi saba ilikuwa ndani ya chupa ile. Akaipasua ukutani.

Shyaka alitoa sauti ambayo Winifred hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili. "Umemuua," alikuwa akisema, machozi yakimdondokea Winifred usoni. "Umeniulia Mugeni." Chumba kikaanza kuwa cheusi.

Nkusi, aliyekuja mbio kuifuata ile sauti, alimpiga Shyaka kwa bapa la koleo mgongoni. Nyuma yake waliingia watu wa mtaroni, nao hawakuuliza kitu. Walimburuta Shyaka hadi uani, wakampiga kwa mipini na viatu. Winifred alijikokota mpaka mlangoni akitaka kusema inatosha, lakini koo halikutoa sauti. Hatimaye alijitupa juu yake. Teke la mwisho lilimpata yeye.

Shyaka alipoteza jicho la kulia.

Wiki mbili baadaye Mugeni aliletwa nyumbani kwa Winifred, Kibagabaga, akiwa ameshikwa na dada yake. Alipumua muda mrefu kabla ya kusema.

"Angeninywesha kweli?"

"Ndiyo."

"Na mimi ningekunywa." Akaitazama bandeji ya mkono. "Pole, mama. Lakini kwa nini ulimwonyesha zile seli?"

"Nilikuwa na furaha. Sikufikiri."

Mugeni aliitikia kwa kichwa, wala hakusema kwamba amemsamehe.

Mahakamani Winifred aliyaeleza yote, pamoja na kosa lake mwenyewe, akaomba Shyaka apunguziwe adhabu. Hakimu alimsikiliza, akampa Shyaka miaka mitano.

Mugeni alifariki kabla mwezi haujaisha. Shyaka aliletwa makaburini na askari wawili, akiwa na pingu, akatupa udongo kwa mikono yote miwili kwa sababu hakuweza kuutupa kwa mmoja. Winifred alisimama nyuma kabisa. Shyaka alipogeuka kurudishwa garini alimwona. Winifred alishusha macho kwanza, na askari wakaendelea kutembea naye.