Redio ya Mbao ya Erasmo

Fundi Othmar wa Mbinga alifungua mgongo wa redio ya mbao, akatoa kiota cha panya, akabadilisha taa moja ya kioo iliyoungua. Vitalia, mwenye redio, alichungulia kila waya. Alikuwa ameipakata kwenye bodaboda kutoka Mapera kama mtoto anayepelekwa kliniki. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Vitalia aliuliza yote.

"Mbona haisemi, fundi?"

"Subiri, mama. Hizi za zamani lazima zipate joto kwanza."

Ilipopata joto, marehemu Erasmo, mume wa Vitalia, alikohoa. Kisha akasema shamba la kahawa la bondeni ni la mke wake, asibughudhiwe. Othmar alizungusha kitufe kupunguza mkwaruzo. Vitalia akataka kujua kama masafa mafupi yangemleta na mama mkwe. Wakajaribu, wakampata analalamikia kuni mbichi. Wakarudi masafa ya kati.

Shamba hilo lilikuwa mikononi mwa Ladislaus, mdogo wa marehemu, aliyedai kaka yake alimwachia akiwa mahututi kitandani. Mibuni ya humo aliipanda Vitalia, na bila shamba hilo hakuwa na pa kushika. Jumapili baada ya misa akaipeleka redio kwenye sengu, kikao ambapo wazee wa ukoo hula pamoja kwanza, ndipo waamue mambo. Erasmo akasema yale yale.

"Sauti ni ya kaka, sibishi," alisema Ladislaus. "Lakini tangu lini mtu akasema hapa hajala?"

Wazee walikubali kwamba hapo ana hoja. Vitalia akaweka ugali na dagaa mbele ya redio. Tonge kwa tonge, sahani ikaisha. Erasmo alikuwa mlaji tangu zamani. Akarudia neno lake kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Vitalia akapiga kigelegele.

Mzee Bartholomayo, mkuu wa kikao, alinawa mikono taratibu.

"Ameketi, amekula, amesema. Basi huyu yupo. Na mali ya mtu aliyepo hairithiwi, si na mke, si na ndugu. Ladislaus ataendelea kumtunzia kaka yake shamba, maana mwenyewe hana mikono ya kupogolea."

"Na mimi, baba?" aliuliza Vitalia.

"Wewe una mume, binti. Mpikie."

Erasmo alipinga kwa muda mrefu. Wazee walimsikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza kila mtu ambaye shauri lake limekwisha. Vitalia aliumia, akaichomoa redio, akaenda nayo nyumbani.

Sasa Ladislaus akipita na magunia husimama dirishani kwa Vitalia. "Shikamoo, kaka." Erasmo huitikia, kisha humtaka arudishe shamba, naye hujibu kwamba amesikia. Jioni Vitalia hupakua sahani mbili. Erasmo anakula sana, na unga haukai. Vitalia anaupata kwa kibarua cha kuchuma kahawa, kule bondeni, kwa shemeji yake.