Somo la Sheria Mbele ya Kasho

Alhamisi, saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Angèle alikuwa ameketi kwenye sakafu ya kasho, chumba cha mahabusu cha kituo cha polisi, katika komine ya Tshopo, mtaa mmoja wa Kisangani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Hakuwa ameiba wala kupigana na mtu. Aliyetafutwa ni mwanawe Carlos, mpakiaji wa mizigo, ambaye siku iliyotangulia alimvunja taya mwenzake Moïse kwa ugomvi wa zamu ya kupakia boti la kwenda Isangi. Polisi walifika nyumbani, Carlos hayupo. Wakamchukua mama.

Kisangani jambo hilo halimshangazi mtu. Mshukiwa akikimbia, hushikwa wa karibu yake, baba au mke, hata shemeji, akae ndani mpaka mwenyewe ajilete. Hakuna sheria inayoruhusu hivyo. Katiba inakataza waziwazi. Lakini desturi ni nyepesi kuliko kumtafuta mtu mtoni, na polisi wengi wameizoea kama walivyoizoea kofia.

Sandrine, binti mkubwa wa Mama Angèle, alileta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukaushwa, akampa mlinzi ampelekee mama, kisha akaingia ofisini. Yeye alikuwa asistanti, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, akifundisha historia ya sheria. Ofisa aliyekuwa nyuma ya meza aliinuka haraka mno. Alikuwa Trésor, mwanafunzi wake wa zamani.

"Asistanti! Karibu, kaa."

"Sikai. Mama yangu iko hapa kwa kosa gani?"

"Kosa..." Trésor alitazama mlango. "Bon, kosa hakuna. Tunamulinda tu mpaka Carlos akuje."

"Mnamulinda na nani? Na mende?"

"Asistanti, unajua kazi yetu. Komanda anataka mutu. Mama aseme Carlos iko wapi, saa hii hii anarudi nyumbani."

"Na akikataa?"

"Atasema. Bamama banachoka."

Sauti ilitoka upande wa kasho. "Mwambie mimi nilichoka siku nilimuzaa Carlos. Tangu ile siku sijachoka tena!"

Sandrine alikwenda kwenye nondo. Mama yake alikuwa anachambua mifupa ya samaki, bila haraka.

"Mama, niambie mimi. Iko wapi?"

"Na weye umeingia polisi?"

"Moïse iko hospitali. Taya imefungwa."

"Najua. Nilimupelekea uji jana, mbele hawajakuja kunikamata. Carlos amefanya vibaya, na atasikia kwangu. Lakini mimi kumuuza? Jamais."

Sandrine hakuuliza tena. Hakuwa na nia ya kumsafisha ndugu yake. Carlos alipiga, watu waliona. Ajibu, lakini ajibu kwa mwili wake mwenyewe.

Siku hiyo alikuwa na kipindi saa nne. Oditwari ilikuwa imechukuliwa na wanafunzi wa uchumi, kama kawaida. Chuoni mwao hilo halikuahirisha somo. Asistanti aliyekosa ukumbi alifundisha kanisani, kwenye veranda, popote penye kivuli, na wanafunzi walifuata. Sandrine alimpigia simu Merdi, kiongozi wa darasa.

"Leo tunasoma Tshopo, ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo cha polisi."

"Mbele ya polisi, Asistanti?"

"Pana kivuli."

Sandrine alijua anachohatarisha. Mkataba wake ulitiwa saini upya kila mwaka na dekani, mkuu wa kitivo, na dekani hakupenda kelele.

Merdi alifika nyuma ya toleka, yaani teksi ya baiskeli, amekumbatia ubao mdogo. Wengine walikuja kwa miguu. Walikaa juu ya matofali, juu ya madaftari, juu ya kandambili zao. Polisi wa mlangoni akavuka barabara.

"Hapa hakusomewe!"

"Chef," Merdi alisema, "oditwari yetu wameichukua watu wa uchumi. Uende uwafukuze kule, sisi tutaondoka huku."

Walicheka. Polisi alisimama kidogo, akarudi kivulini kwake. Barabara ilikuwa ya watu wote, na hilo hata yeye alilijua.

Sandrine aliandika ubaoni: Kanuni ya Tang, China, mwaka 653.

"Sitaki mutu aandike kwamba sheria hii ilikuwa nzuri," alianza. Hakupandisha sauti, ila kila neno lilifika ng'ambo. "Ilikuwa na fimbo na kamba ya kunyongea. Kwa uasi, familia nzima iliadhibiwa. Mtoto aliyemshitaki mzazi wake aliuawa. Andikeni hayo kwanza. Mkishaandika, andikeni na haya. Mtu wa miaka tisini na zaidi, au mtoto wa miaka saba na chini, hakupewa adhabu ya kifo. Aliyehukumiwa kufa, kama wazazi wake walikuwa wazee na hawana mwingine wa kuwatunza, kesi yake iliweza kupelekwa kwa mfalme ili abaki nyumbani awatunze. Na watu wa nyumba moja waliofichiana kosa hawakuadhibiwa. Waandishi wa sheria ile walijua kwamba serikali ikimlazimisha mama amtoe mwanawe, imepata mhalifu mmoja na imeharibu nyumba."

"Donc kosa lolote," Merdi aliuliza, "familia inaficha tu?"

Kabla Sandrine hajafungua mdomo, jibu lilitoka ng'ambo ya barabara.

"Si lolote! Uasi na usaliti vimetengwa! Tena si ndugu peke yao. Hata mutumishi aliweza kumuficha bwana wake!"

Darasa zima liligeuka. Trésor alikuwa dirishani, kalamu mkononi. Aliyasoma hayo kwa mtihani, aliyajua vizuri, na mdomo ulikuwa umemtangulia.

"Vizuri sana," Sandrine alisema. "Sasa malizia. Kuvunja mutu taya bandarini ni uasi?"

Trésor alishusha kalamu. Mwanamke aliyekuwa anauza makayabu, samaki wa chumvi, kando ya barabara akapiga kelele, "Jibu, chef! Mwalimu amekuuliza!"

"Hapana. Si uasi."

"Mama aliyenyamaza, afanywe nini?"

"Hafanywe kitu."

"Kwa sheria ya nani?"

"Ya Tang."

"Na ya Congo?"

Alisema kitu chini chini.

"Huku nyuma hatusikii!" Merdi aliita.

"Hata ya Congo! Kila mutu anajibu kosa yake!"

Wanafunzi walipiga makofi. Mlango wa kituo ukafunguka, akatoka Komanda Célestin, mtu mrefu mwenye miwani.

"Trésor, weye ni ofisa ao mwanafunzi?" Hakungoja jibu. Alivuka barabara. "Madame, China iko mbali sana na Tshopo."

"Mimi nimesema ya China peke yake, komanda. Ya Congo amesema ofisa wako."

Kicheko kilizuka. Célestin hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta.

"Bon. Nanyi mniambie. Moïse anakunywa uji kwa mrija. Nani amekuja kupiga kelele kwa ajili ya taya yake? Mumoja?"

Hakuna aliyecheka sasa. Sandrine aliona kwamba swali lilikuwa la haki, akalijibu kama swali la haki.

"Hakuna. Umesema kweli. Mtafute Carlos, umpeleke kwa hakimu, nami dada yake nitakaa benchi ya mbele nisikilize. Lakini mama yangu hakumvunja mutu taya. Kila saa anayokaa humo, Moïse hapati kitu."

Simu kadhaa za wanafunzi zilikuwa zimeinuliwa. Célestin alizitazama moja moja, akarudi ng'ambo, akamwita Trésor. Kufuli likafunguliwa. Mama Angèle akaja hadi kizingitini.

"Mama, uende nyumbani," Célestin alisema kwa sauti ya kusikika. "Jumamosi umulete Carlos. Sema ndiyo mbele ya hawa watu, basi, imeisha."

"Ndiyo ya nini?"

"Kwamba utamuleta."

Mama Angèle alimtazama. Kisha akageuka, akaingia tena kasho, akavuta mlango nyuma yake. Mlango ule haukukaa umefungwa bila kufuli. Ukafunguka wenyewe.

"Trésor," alisema kutoka ndani, "kuja ufunge. Upepo unaufungua."

Barabara nzima ililipuka kwa vicheko. Muuza makayabu alipiga mapaja yake.

"Mutoe!" Célestin alisema.

Trésor hakusogea. "Komanda, nimuburute mama mutu muzima mbele ya hizi simu? Na nitaandika nini? Kwamba amekataa kutoka, na alikuwa ndani kwa kosa gani?"

Célestin alivaa miwani yake. Polisi wa mlangoni alitazama viatu vyake.

"Aende. Bila neno."

"Nani amesema?" Mama Angèle aliuliza kutoka ndani.

"Komanda, mama," Trésor alisema.

"Aseme mwenyewe."

"Bila neno, mama," Célestin alisema. "Enda."

Mama Angèle alitoka. Alifunga upya kitenge chake, akapita katikati ya wanafunzi, nao wakampisha. Kwa Sandrine alisimama.

"Unamaliza saa ngapi?"

"Nina sura moja imebaki."

"Malizia. Ulilipwa ufundishe."

Akapanda toleka iliyomleta Merdi, akamwambia mwendeshaji aelekee sokoni. Sandrine alifuta ubao, akaandika kichwa cha sura iliyofuata. Saa sita toleka ilirudi bila abiria; mwendeshaji alisema mama alishukia sokoni, hakusema anakwenda wapi. Carlos alikuwa bado hajapatikana.