Boti za Mjomba Vernon

Nilimfanyia mjomba wangu jambo la siri, na asije mtu kuniambia nilikosea. Kila Jumapili ya Novemba, yeye akiwa kanisani, nilikuwa nikipanda boti moja baada ya nyingine katika yadi yetu ya kuhifadhi boti, huku pwani ya kusini ya Nova Scotia, nikikagua kazi yake.

Mjomba Vernon ana miaka sabini na sita, na hamsini kati ya hiyo ameimalizia hapa. Boti zikishatolewa majini kabla ya baridi, yeye ndiye wa injini. Anamwaga maji ya bahari yaliyobaki ndani, anatia dawa isiyoganda, ya rangi ya waridi, mpaka aione ikitoka nyuma kwenye bomba la moshi, kisha anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Penye kitambaa, hakuna anayegusa tena. Maji yakisahaulika mle, yanaganda, yanavimba na kupasua chuma kama yai.

Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, tuliifunua boti ya Harris Knickle. Kitambaa kilikuwepo. Injini ilikuwa na ufa wa kuingia kidole.

"Glenda, huyu mjomba wako kashachoka," Harris akasema. "Mtafutie kiti akae barazani ahesabu ndege."

"Hiyo injini niliishika mimi," nikamwambia. "Nilimwambia aniachie."

Uongo mtupu. Mjomba alikuwa amesimama palepale, akiutazama ule ufa.

Ndio maana ya Jumapili zangu. Kumwondoa sikuweza, bila yadi asingefika Krismasi. Kumwachia mali za watu nako sikuweza. Basi nilikuwa nikifungua mpira wa kupitishia maji kwenye injini: nikiona waridi, napita, nikiona maji, natia dawa mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikuta mbili. Ya pili, nne. Nikajiona mjanja kweli.

Jumapili ya tatu nilikuwa nimeinama juu ya injini nikasikia mtu anapanda ngazi yangu akihema. Mjomba, na suti yake ya kanisani.

"Ibada imeisha mapema?" nikauliza, mpira mkononi kama mwizi wa kuku.

"Sikwenda. Endelea tu." Akakaa ukingoni. "Wiki iliyopita ulizipata zote nne?"

Nikauweka mpira chini.

"Nilikuachia ngazi, binti. Boti nisiyo na uhakika nayo, siondoi ngazi. Nilijua utapanda, maana uvivu wako wa kubeba ngazi haukuanza leo."

Na mimi nilikuwa nikizirudisha ukutani huku nikinung'unika kwamba siku hizi hata vyombo hapangi. Niliona haya. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anajua, na amelibeba jambo hilo peke yake tangu siku ya ufa.

"Leo mbona sijaona ngazi?" nikamuuliza.

Akavua kofia. "Ndilo lililonileta. Jana nilifunga vitambaa tisa. Sijui nilitia dawa ipi na ipi sikutia. Hata moja sikumbuki, Glenda."

Redio ilikuwa imesema usiku huo baridi ingegandisha maji. Tukazianza upya zote tisa, wawili, yeye akiwa na suti yake ileile. Mikono yake haikukosea. Vizibo ambavyo mimi huvitafuta kwa tochi, yeye alivifungua huku akitazama baharini na kunisimulia ugomvi wa kwaya.

Kwenye boti ya tatu aliikatiza hadithi, galoni tupu mkononi.

"Nimetia?"

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo.

"Umetia, mjomba."

Akafunga kitambaa, akaanza kushuka. Kwenye kipandio cha pili akasimama, akanitazama. Alikuwa anaona haya kuuliza tena.

"Umetia," nikamwambia kabla hajafungua mdomo. "Nimeiona kwa macho yangu ikitoka nyuma."