Mtoto wa Wilkista

Nangila alipotoka Kabuchai kwenda Kitale kumwona mjukuu wake, alibeba kuku mmoja, unga wa wimbi na siri. Kuku na unga alivitoa mara tu alipofika. Siri aliikalia siku tatu.

Mjukuu mwenyewe alikuwa na miezi mitatu, mashavu yameumuka kama maandazi, na hana jina. Kwenye kitabu cha kliniki waliandika tu "Mtoto wa Wilkista", na hapo ndipo mambo yalipokwama. Wilkista, binti yake Nangila, alimwita "mtoto". Hesbon, baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea mageti, alimwita "bosi". Majirani wa mtaa wao wa Matisi walichanganyikiwa kabisa, maana pale mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na huyu hawakujua ni Mama Nani.

Sababu ilijulikana na haikusemwa. Wilkista alikuwa amezika wawili kabla ya huyu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefikisha miezi minne. Wote walipewa majina siku ileile waliyozaliwa. Tangu mazishi ya pili hakuwahi kuyatamka majina hayo, na aliyeyataja mbele yake alionyeshwa mgongo.

Sasa, Nangila ni mtu wa kanisa, tusimsingizie. Ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kule kwao, na akianza na "Mungu uliyetuumba, Mungu unayetulinda," watoto hujua wana muda wa kusinzia na kuamka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nyanya huujua mara mbili. Aliomba, naam, na baada ya amina akakumbuka walivyofanya wazee wake wa Kibukusu. Mtoto aliyefuata ndugu waliokufa alilazwa juu ya jaa la taka, wenyewe wakageuka wakaenda zao, mpita njia akamwokota, na mtoto akaitwa Makokha, yaani wa jaani. Kifo kikija kumtafuta kinaona ni taka tu za watu, kinapita. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake.

Siku ya nne asubuhi, Wilkista alipoingia bafuni kuosha nywele, Nangila akaona wakati ndio huu. Mpita njia alikuwa amekwisha kumtafuta: Khadijo, jirani anayeuza leso karibu na msikiti, mama wa Shafi. Khadijo alikubali kwa moyo mweupe bila kuelewa vizuri. Alichoshika ni kwamba saa tatu aje nyuma ya nyumba, amchukue mtoto kidogo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la majivu na maganda ya mahindi. Nangila akatandika majani ya mgomba, juu yake shuka, juu yake blanketi, na juu ya yote shali yake ya kanisani, mpaka jaa lenyewe likawa halionekani. Kifo cha kudanganyika pale kingebidi kiwe kipofu. Akamlaza mtoto, na mtoto akamchekea.

Kilichobaki ni kugeuka na kwenda zake. Akageuka, akapiga hatua mbili, akasikia jogoo akiparua majivu. Akarudi mbio kumfukuza. Akageuka tena, hatua tatu, akakumbuka siafu. Akarudi kukagua blanketi. Halafu jua likampiga mtoto usoni, ikabidi asimame amkinge kwa kivuli chake. Saa tatu ikapita. Khadijo amepata wateja, haji, na Nangila yuko palepale, mikono imetandazwa, analinda kitu ambacho alipaswa kukitupa.

Ndivyo binti yake alivyomkuta, povu la sabuni likimchuruzika shingoni.

"Mama! Mtoto wangu anafanya nini kwa takataka?"

Nangila angeweza kusema anamwanika jua. Lakini kudanganya hakukuwa kazi yake, hasa akiwa amesimama juu ya ushahidi.

"Ni ile mambo ya wazee," akasema. "Ya Makokha. Nilitaka tu apite hiyo miezi nne, msichana wangu."

Wilkista akamkwapua mtoto. "Si wewe ndio unaombeanga watu, ati Mungu ndio ameumba, ati Mungu ndio analinda? Sasa huyu ameumba, wewe unamtupa?"

Mshika mawili moja humponyoka, na Nangila aliona wazi ni lipi lililomponyoka. Akaona aibu, na aibu ikageuka hasira, kwa sababu ukweli ukitoka kwa mtoto uliyemfunga nepi huwasha zaidi.

"Na wewe je?" akasema. "Mimi nimemficha asubuhi moja. Wewe umemficha miezi tatu! Umekataa kumpatia jina ndio kifo ikisoma ile kitabu ya kliniki ikose mtu. Si ni kitu moja tu? Mwenye alimuumba anamjua, Wilkista. Ni wewe unaogopa kumjua."

Alitamani kuyarudisha maneno hayo, lakini yalikuwa yamekwisha kufika. Wilkista akakaa chini palepale jaani, amemkumbatia mtoto, akalia kile kilio ambacho hakukilia kwenye mazishi ya pili.

"Na wale wawili, Mama? Si aliwaumba pia? Siku hiyo alikuwa analinda nani?"

Nangila alikuwa na majibu ya swali hilo. Amewapa wajane, amewapa waliofiwa, na mengine ni mazuri kweli. Leo hakuna hata moja lililokubali kutoka. Akajikunja, akakaa kwenye majivu na sketi yake safi.

"Sijui," akasema. "Nimemuuliza, hata na hasira, saa ingine katikati ya maombi. Wamama wanafikiri nimejazwa Roho, kumbe nagombana. Hajanijibu. Lakini nitaenda kwa nani ingine? Hawa watoto hakuna mwingine aliwatengeneza. Kama kuna mwenye anajua wako wapi leo, ni yeye." Akamgusa mtoto kisigino. "Na huyu, mimi nimeshindwa kumwacha hatua tatu, na mimi ni kukhu, nyanya yake tu. Unafikiri mwenye alimuumba anaweza geuka aende?"

Wilkista alimpenda mama yake kupita kiasi wakati ule, na hakuwa na nguvu za kusema hivyo, kwa hiyo akaegemeza kichwa chenye povu begani mwake.

Khadijo akatokea kwenye kona, anahema. "Poleni, bana, nilishikwa na wateja." Akawatazama wanawake wawili waliojaa majivu. "Kwani mnalia nini? Haya, si mnipe mtoto. Kwanza anaitwa nani huyu?"

Nangila akamgeukia binti yake. Swali halikuwa lake.

"Wanyonyi," Wilkista akasema. Mtoto alizaliwa wakati wa palizi, msimu wa akina Wanyonyi, na jina hilo Wilkista alikuwa nalo tangu saa ya kwanza, amelibana kifuani. "Ni Wanyonyi."

Kisha akamwinamia mtoto, kana kwamba pale jaani hakuna mtu mwingine.

"Ndugu yako ni Simiyu," akamwambia. "Dada yako ni Nekesa."