Nani Anauawa Humo?

1.

haanzi.

Kidole kiko juu ya kitufe, chai imepoa, na Mkawasi haanzi. Msomaji, usimcheke. Huyu ndiye mhakiki wa muziki gazetini, aliyewahi kuandika kwamba bendi fulani "inapiga kama watu wanaohama nyumba", na wenye bendi wakamshukuru. Leo anaogopa albamu.

2.

BENDI: Bomba Kavu.
ALBAMU: *Maji Jumatano*.
AINA: panki kali, yaani roki ya kelele na kasi; haina kampuni nyuma yake. Imerekodiwa chumbani, mtaa wa Umoja, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele.
MWIMBAJI: Mwandoe.

(Kaka yake.)

3.

MAELEKEZO KWA MGONJWA ALIYEPASULIWA KOO
Mgonjwa asipaze sauti hadi aruhusiwe na daktari. Sauti inaweza kurejea yote, kurejea nusu, au

4.

Tangu apasuliwe, Mwandoe hapokei simu. Anatuma ujumbe tu.

"Utanisikia kwenye albamu. Na usinibebe, dada. Andika ukweli."

Mhariri naye: "Najua ni kaka yako. Lakini hapa ofisini nani mwingine anaelewa hizo kelele?"

5.

Akabonyeza.

6.

Gitaa linakwaruza kama mwiko kwenye sufuria iliyoungua. Ngoma zinakimbia. Mtu anapiga mayowe, mazuri kweli kweli.

Lakini ni nani? Mayowe ya namna hiyo, hata mama mzazi hawezi kuyatambua. Kiprotich, mpiga ngoma, naye ana koo. Huenda wamemwazima mwenzao sauti ili

Akasogeza sikio kwenye spika.

7.

Wimbo wa tatu unakatika katikati. Mlango unagongwa, sauti za majirani nje. Wangeweza kufuta kipande hicho, wamekiacha.

— Fungueni! Nani anauawa humo?

— Vunja hiyo kitasa!

Kisha sauti ya kawaida kabisa, imekwaruzika kidogo, na adabu zake zote za kwao Wundanyi:

— Samahani, mama. Hakuna mtu anauawa. Tunaimba tu.

8.

Yeye.

9.

Mkawasi alilia, akacheka, akapenga kamasi kwa fulana. Akarudisha nyuma. *Samahani, mama.* Akarudisha tena.

10.

ILANI KWA WAPANGAJI WOTE
Kufuatia mayowe ya Jumapili, mnaombwa kuhakikisha kwanza kama ni kipigo au ni muziki kabla ya kuvunja kitasa cha jirani.
— Msimamizi wa jengo
(Bendi imeichapisha kwenye jalada.)

11.

"Ni albamu chafu, fupi, na wimbo wa tano ungeachwa nje. Mwimbaji hafiki tena kule juu alikozoea kufika. Sasa anapiga mayowe akitokea chini, na huko chini kuna"

Kuna nini? Akaongeza sauti ya spika asikilize vizuri.

12.

Mlango ukagongwa. Wake, safari hii.

— Mkawasi! Nani anauawa humo?

Ni Mama Saida, jirani, mwiko mkononi, tayari kwa vita. Uji wake ndio chakula pekee kilichokuwa kikipita kwenye koo la Mwandoe kule wodini.

— Hakuna, Mama Saida. Ni kaka yangu.

Mama Saida akatega sikio. Mwiko ukashuka polepole.

— Kumbe amepona?

Mkawasi akamvutia kiti, akaurudisha wimbo mwanzo.