Ngozi Aliyoileta Mazengo

Ndugu yangu Damiani walimpigia ndani ya zizi lake, kwa miti waliyoing'oa kwenye zizi hilo hilo. Sikusimuliwa. Nilikuwa nimesimama pale na kibuyu cha uji, maana nilikwenda kumwona wifi yangu Selina aliyekuwa na wiki moja tu tangu ajifungue. Niliona kwa macho yangu.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane, wakati wa Operesheni Vijiji. Mgambo kumi na wanne walikuja na lori kutuhamishia kijiji kipya, mwendo wa asubuhi moja kutoka Sepuka. Damiani hakukataa kuhama. Alisema tu kwamba ng'ombe wake atawaswaga mwenyewe.

"Ng'ombe sasa ni wa kijiji," akasema Chrispin, mkubwa wa mgambo.

"Kijiji kiliwakamua lini?" Damiani akamuuliza.

Watu wakacheka, hata mgambo wawili watatu walicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomuua. Chrispin aling'oa mti wa zizi, mti mbichi wenye mafundo, akampiga begani. Damiani akabaki amesimama. Akampiga shingoni, Damiani akapiga magoti kwenye samadi, na hapo wakaja wengine. Huku nyuma wenzao walikuwa wameshapanda juu ya tembe wanachimba paa kwa majembe. Udongo ulianguka juu ya vihenge vya mtama na juu ya kitanda alichotoka Selina muda huo huo, mtoto akiwa kifuani. Damiani alipoanza kutapika damu walimrusha kwenye lori, juu ya masufuria yake. Alifika kijiji kipya amekufa. Ikaandikwa kwamba alianguka kutoka kwenye lori.

Ng'ombe wake ishirini na mmoja wakaswagwa kuelekea kusini. Tuliambiwa wamekwenda kwenye ranchi ya wananchi. Aliyetuambia ni Melkiori, kaka wa mume wangu.

Melkiori alikuwa Mwenyekiti wa Chama wa wilaya. Sitamsema uongo: alianza vizuri. Zama za mkoloni alizunguka na baiskeli isiyo na breki akiuza kadi za Chama, akilala porini, na matarishi wa chifu walimpiga mpaka kidole chake kimoja kikapinda moja kwa moja. Uhuru ulipokuja watu walimbeba mabegani. Akawa katibu wa tawi, akawa diwani, akawa mwenyekiti. Azimio la Arusha lilipotoka, alilisoma kwenye mkutano bila kukohoa: kiongozi asijilimbikizie mali. Na kweli ukienda kwake hukuona zizi. Ulikuta mbuzi wanne na jogoo. Watu wakasema, huyo ndiye kiongozi. Mwaka wa sabini na tano akataka ubunge, na kila mtu alijua ataupata.

Ila njaa ilikuwa kali mwaka ule. Selina na watoto wake watatu walikula mizizi na mahindi ya njano ya msaada, nayo hayakutosha. Yule mchanga alikuwa na kichwa kikubwa na miguu kama vijiti vya ufagio. Kila nikienda, Selina ananiuliza neno moja: "Wifi, hiyo ranchi iko wapi? Nikakamue hata ng'ombe mmoja, nirudi." Wapo walionong'ona kwamba ranchi haipo. Barua zisizo na jina zikapelekwa juu, na juu wakajibu kwamba wajumbe watatu watakuja kuzisikiliza tuhuma hadharani, kabla majina ya wagombea hayajapitishwa.

Siku nane kabla ya wajumbe kufika, nilikuwa natwanga nje, nikasikia hodi. Alikuwa mzee mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini, amebeba ngozi kavu iliyoviringishwa.

"Mbukwenyi!"

Kwa salamu hiyo nikajua ni Mgogo. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo, nikampa maji. Akanywa kata mbili. Akasema anaitwa Mazengo, anatoka upande wa Manyoni, ametembea siku tatu, anamtafuta Melkiori.

"Yuko mjini, baba. Mimi ni mke wa mdogo wake."

"Basi nyumba ni hii hii. Mwambie ng'ombe wake mmoja amekufa kwa kiu. Nimemletea ngozi aione."

Ngoja niieleze desturi hii, maana vijana hawaijui. Kwetu Wanyaturu, na kwa Wagogo vilevile, mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa watu wa mbali wamtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji lazima apeleke ngozi, na masikio yawe bado yameshikamana nayo, ili alama ionekane, ijulikane hakumuuza wala hakumla kwa siri. Mwenyewe akiishika ngozi na kusema "nimeona," maneno yamekwisha. Melkiori aliwaficha ng'ombe mbali kama mtu mwerevu, halafu akakosea kitu kimoja: aliwapa mtu mwaminifu.

Mazengo alipokwenda kulala kwa Wagogo wenzake, niliikunjua ile ngozi. Nyekundu, yenye baka jeupe tumboni. Sikio la kulia limekatwa ncha, la kushoto limechanwa mara mbili kwa chini. Ilikuwa alama ya marehemu baba yangu, aliyoirithi Damiani. Na kwenye paja palikuwa na kovu la kuzunguka, halina manyoya, fisi alipomng'ata akiwa ndama. Mimi ndiye niliyelishika lile paja Damiani akilipaka majivu na samli.

Nilikaa chini na masikio yale mkononi. Kisha nikafikiri: mume wangu atasema nimpe kaka yake, naye ataichoma. Wajumbe wako siku nane mbele. Niifiche wapi?

Mama mkwe alikuwa analala chumba cha ndani, miguu yake ikiwa imeshachoka. Mtoto wa kiume mtu mzima hakanyagi mahali anapolala mama yake, hilo halina mjadala. Nikaitandika ngozi kitandani kwake, manyoya chini, juu yake nikaweka ile ya zamani laini.

Asubuhi nilipompelekea uji akanishika mkono.

"Mama Leah, hiki kitanda ulichonitandikia kina masikio."

Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza yote, na kovu la fisi nikamwonyesha. Akanywa uji wake mpaka mwisho, akalamba kidole, akageukia ukuta.

Siku ya tatu Mazengo, mtu wa watu, alikutana na Melkiori njiani, akamwambia mbele ya wapita njia: "Ngozi yako nimeiacha kwa shemeji yako, umeiona?" Jioni hiyo hiyo Melkiori alikuja na Chrispin na mgambo wanne.

"Shikamoo, shemeji."

"Ngozi iko wapi?"

"Fisi ameivuta."

Akacheka kidogo. Akamgeukia mume wangu. "Stefano, mkeo anafuga fisi siku hizi. Mfundishe."

Stefano hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile. Alinitazama, akamtazama kaka yake, akaokota mchi niliokuwa natwangia. Pigo la kwanza lilinivunja meno mawili, haya ya mbele ambayo hayapo. Nikaanguka kwenye kinu. Akanipiga mgongoni, akanipiga mikono niliyojikingia, na kila akipiga analia na kusema, "Sema, mama Leah, sema basi." Chrispin alikuwa amesimama na mikono nyuma kama anaangalia ngoma. Sikusema. Akilini nilimwona yule mtoto wa Selina na miguu yake ya ufagio.

Mgambo wakachoma mikuki kwenye vihenge, mtama ukamwagika. Jiko langu wakalitia moto na kuku waliokuwa wanaatamia ndani. Melkiori akafika mpaka mlango wa chumba cha ndani, akasimama.

"Mama, umeona ngozi humu?"

"Ninayoilalia naiona," akajibu mama mkwe. "Ingia unitoe kitandani, mwanangu, kama chama chako kimekutuma."

Hakuingia. Kwa nje akamwambia Stefano, "Wajumbe wakiondoka, nitarudi kwa huyu mwanamke." Nikasikia, na kila mtu akasikia.

Usiku huo Stefano alinikanda kwa maji ya chumvi. Hakuomba msamaha, na mimi sikumdai. Tulikaa hivyo mpaka siku ya mkutano.

Siku yenyewe mama mkwe aliamka mapema kuliko mimi. Nilimkuta amekaa, ameitoa ngozi ya juu, ameivaa ile nyingine mabegani kama walivyovaa wanawake wa zamani, masikio mawili yananing'inia kifuani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mtunzaji amefika, mwenyewe hajasema ameona. Nishike mkono."

Tulitembea polepole mno. Alipumzika mara tisa. Njiani nilimwambia, "Mama, yule ni mwanao." Akasema, "Na Damiani alizaliwa na jiwe?"

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Wajumbe watatu walikuwa wamekaa mezani chini ya turubai, Melkiori amesimama na kifimbo chake, akieleza jinsi alivyoteswa na mkoloni, akiinua kile kidole kilichopinda. Sauti yake ilikuwa nzuri bado. Watu walianza kugeuka nyuma, safu kwa safu, mpaka naye akatuona.

"Bibi, una shida gani?" akauliza mjumbe mwenye miwani.

"Sina shida. Namletea mwanangu ngozi. Ng'ombe wake amekufa kule Manyoni, nataka aseme ameona."

Melkiori akatabasamu. "Ndugu wajumbe, mama yangu amezeeka. Mnisamehe."

"Ng'ombe huyu ni wako?" mama akamuuliza.

"Mimi sina ng'ombe, mama. Wote wanajua."

"Basi ni wa nani? Msomeni masikio."

Selina alitoka katikati ya wanawake na mtoto mgongoni. Akayashika masikio, la kulia, la kushoto, akaigeuza ngozi mpaka kwenye kovu. Hakulia. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anauza kuni: "Huyu tulimwita Ngeleja. Alikuwa na maziwa siku waliyomuua mume wangu." Na kutoka nyuma kabisa Mazengo akapaza sauti: "Mimi ndiye mtunzaji! Alinipa yeye mwenyewe, Melkiori, kumi na wawili! Kwani kuna nini?"

Hapo Melkiori alitujia. Aliishika ngozi akaivuta. Mama hakuiachia, na yeye alikuwa mwepesi kama ungo, akaburutwa nayo hatua mbili tatu mbele ya watu wote. "Iachie, mama!" "Sema umeona!" "Iachie!" Akainua kifimbo akampiga mkononi, na mfupa ukalia, mimi niliusikia. Akampiga mara ya pili, kichwani.

Wizi watu wangeujadili. Pengine wangemsamehe hata huo, kwa ajili ya ile baiskeli. Lakini mtu aliyempiga mama yake mchana, hakuna mwenye neno la kumtetea. Ukasikika mguno mmoja, kisha wakamjia. Wajumbe waliingia chini ya meza. Nilimwona Chrispin akiwa wa kwanza, ameng'oa nguzo ya turubai, akimpiga Melkiori begani, halafu shingoni. Mkono ule ule, na mapigo kwa mpangilio ule ule. Mawe yakafuata. Jicho lake moja lilitoka pale pale, na mbavu zikavunjika, na angekufa kama Stefano asingejilaza juu yake, akapigwa yeye mpaka mguu ukavunjika. Dereva wa wajumbe ndiye aliyewaingiza garini, ndugu wawili, wakiwa wamelowa damu, huwezi kujua ya nani ni ipi.

Mama mkwe alikufa siku ya nne. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba anasikia baridi.

Mjumbe mwenye miwani alirudi kuchukua ngozi, iwe ushahidi. Nilimwambia mama atazikwa ndani yake, kama walivyozikwa wazazi wake. Akasema haiwezekani. Nikachukua kisu, nikayakata masikio yote mawili, nikayafunga kwenye kitambaa, nikampa. "Maneno yote yako humo," nikamwambia. Aliyapokea kwa vidole viwili. Yalikoishia sijui. Tulichosikia ni kwamba ndugu Melkiori amejiuzulu kwa sababu ya afya. Mwingine akapewa ubunge. Chrispin alikuja msibani akachimba kaburi, akachimba kwa bidii, na hakuna aliyempokonya jembe.

Mwezi mmoja baadaye Mazengo alirudi kwa miguu akiswaga ng'ombe kumi na mmoja na ndama wawili waliozaliwa kwake. Tisa wengine hatujawaona mpaka leo. Aliwapanga mbele ya kibanda cha Selina, akataja kila mmoja, yupi anapiga teke, yupi anapenda chumvi. Watoto walikuwa wameshika vibuyu tayari. Selina alipita akiwagusa mmoja mmoja, sikio la kulia, sikio la kushoto, akafika mwisho wa mstari, akaendelea kutazama njia waliyotokea.

"Na Damiani?" akauliza.

Mazengo alivua kofia yake.

"Mama," akasema, "mimi nilipewa ng'ombe tu."