Kilishe Jamani Kwanza

Kipaza sauti cha hekalu kilikuwa na tabia moja mbaya: kilikula mwanzo wa neno. Ukibonyeza kitufe na kusema "karibuni," waumini walisikia "ribuni." Ukisema "asanteni," walisikia "santeni." Kwa miaka minne mwalimu wa hesabu, aliyejitolea kusimamia foleni kila siku kubwa ya ibada, aliiomba kamati inunue kingine, na kwa miaka minne kamati ilimjibu kwamba ombi lake linafanyiwa kazi. Mwaka wa nne ulipokwisha, wakanunua taa za vioo za ukumbi mpya.

Basi akabuni dawa yake mwenyewe. Aliwakalisha wenzake wa kujitolea kwenye ngazi za hekalu, akawafundisha kama anavyofundisha darasa la tano.

"Ukibonyeza, kilishe jamani moja kwanza. Kiile hiyo jamani, kishibe, ndipo useme unalotaka. 'Jamani, simameni.' Tumeelewana?"

"Na kikitaka jamani ya pili?" aliuliza muuguzi mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea viatu vya waumini.

"Kiongeze, usikinyime. Lakini kuna mwiko mmoja. Kwenye hiki kidude hakuna msi. Hakuna msisonge, hakuna msikimbie, hakuna msisukumane. Kikishaimeza hiyo msi, umewaambia watu kinyume."

Walicheka, lakini walishika. Na foleni ya hekalu lile, ambayo zamani ilikuwa vita vya viwiko, ikatulia. Watu waliingia ishirini ishirini. Ishirini wakishapita mbele ya madhabahu, wakaweka maua yao, wakainamisha vichwa na kutokea mlango wa pili, ndipo mwalimu alipoinua kamba nene nyekundu aliyoishika mlangoni. Kwa ajili ya kamba hiyo waumini wakambatiza jina la Bwana Kamba, na wakamtania bila huruma.

"Bwana Kamba, hata mungu mwenyewe akitaka kutoka nje utamwambia apange foleni?"

"Nitampa nafasi nzuri. Nyuma ya yule bibi mwenye miwani."

"Umesema dakika tano tangu asubuhi! Usitufunge kamba, Bwana Kamba!"

Naye alicheka pamoja nao, maana aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba binadamu akielezwa vizuri na asidanganywe, hujitawala mwenyewe.

Asubuhi ya siku kubwa ya mwaka huo, mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akijifunga bandeji gotini.

"Leo nipitishe mlango wa ubavuni, baba. Hili goti limeamka vibaya."

"Mama, nikikupitisha wewe nitamzuia nani?"

"Utawazuia wengine. Kwani wote wale ni mama zako?"

"Nitakuwekea stuli mstarini."

"Na stuli nayo ina miguu ya kutembea?"

Ilikuwa nayo minne, mwalimu akamwambia, na mama akamrushia kitana. Lakini alikwenda, akajipanga kama watu wote, akiisogeza stuli yake hatua kwa hatua juu ya vigae vilivyolowa maji ya kunawia miguu.

Kufika saa nne foleni ilikuwa imezunguka ua mara mbili. Walikuwa zaidi ya watu mia sita, wote pekupeku, wengine na watoto mabegani. Aliyekuwa na maji alimpa asiyekuwa nayo. Hakuna aliyepaza sauti. Mwalimu aliwatazama akajisikia kama mtu aliyegawanya namba ndefu hadi mwisho na isibaki hata moja. Mama yake alikuwa amebakiza makundi mawili tu mbele yake. Alimkonyezea jicho, mama akabetua mdomo.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kamati alipotokea uani, nyuma yake mkandarasi aliyejenga ukumbi mpya, na nyuma ya mkandarasi watu kumi wa familia yake. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa ubavuni.

"Dakika mbili tu, mwalimu."

"Mwenyekiti, hawa wako hapa tangu alfajiri."

"Na hawa ni wageni wangu. Au unataka kunifundisha adabu?"

Dakika mbili zikawa ishirini. Wageni walipiga picha mbele ya madhabahu, wakabadilishana nafasi, wakapiga tena. Kamba haikuinuliwa. Mstarini mtu akasema, "Kumbe kuna mlango!" na maneno hayo yakarudi nyuma kichwa kwa kichwa. Watu wakaanza kurefusha shingo. Mwalimu aliinua mkono, wakanyamaza. Akamkabidhi mwenzake kamba, akatundika kipaza sauti kwenye msumari wa mlangoni, akaingia ndani kuwabembeleza wageni wamalize.

Mwenyekiti, aliyebaki mlangoni, alisikia minong'ono ikianza tena. Akakitwaa kipaza sauti.

"Mwenyekiti, anza na jamani!" muuguzi alipiga kelele kutoka penye viatu vya waumini.

"Mimi nifundishwe kuongea leo?" alisema mwenyekiti, akabonyeza.

Mwalimu aliisikia sauti hiyo akiwa ndani, mbele ya madhabahu.

"...songe mbele!" Kitufe kikaachwa, kikabonyezwa tena. "...sukumane!"

Watu walitii. Wale wa nyuma, wasioona chochote ila migongo, walisikia amri nao wakapiga hatua moja. Hatua moja tu, kwa adabu kabisa. Lakini hatua ya watu mia sita ni ukuta unaotembea. Kamba ilichomoka kwenye ndoano ya ukutani iliyoshika ncha yake ya pili. Mama alikuwa ameinama kuchukua stuli.

Hospitalini, siku ya pili baada ya kupasuliwa nyonga, mama alifumbua macho akamtazama mwanawe.

"Nilikusikia ukisema tusonge. Nikajua mwanangu ameona nafasi. Nikainama nichukue stuli."

"Sikuwa mimi, mama."

"Kidude si ni chako?"

Mwalimu alimvutia shuka hadi mabegani.

Mwenyekiti alikuja na kapu la matunda. Tangazo lilikuwa limekwisha kubandikwa kwenye lango la hekalu: ajali ilisababishwa na baadhi ya waumini kukosa nidhamu, na kila mmoja alikumbushwa kujitawala.

"Hawakukosa nidhamu," mwalimu alimwambia nje ya wodi. "Walikutii wewe."

"Mimi nilisema msisonge."

"Ulisema. Wao hawakusikia hivyo."

"Basi kamati itaandika nilichosema au walichosikia?" Alitoa kadi ngumu ya bluu, akaibandika kiganjani mwa mwalimu. "Ya mama. Mlango wa ubavuni, maisha yake yote. Na wewe pumzika kidogo, umechoka. Kamba tumempa mtu mwingine."

Siku kubwa iliyofuata, mwalimu alimsukuma mama yake kwa kiti cha magurudumu hadi uani. Kadi ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara mbili. Akageuza kiti kuelekea mkia wa foleni.

"Unanipeleka wapi?"

"Mstarini, mama."

"Nani kakwambia nataka mstari?"

"Si haki kupita..."

"Nidhamu ni yako, baba, nyonga ni yangu. Geuza."

Akageuza. Njia ya mlango wa ubavuni ilipita kando ya foleni nzima, na magurudumu yalilia kwenye vigae kana kwamba yameagizwa kumtangaza. Hakuinua macho. Aliona miguu tu, pekupeku, ikimpisha kwa adabu.

"Huyu si Bwana Kamba?"

"Ndiye. Anapita ubavuni, muone!"

"Loo! Kumbe miaka yote ile alikuwa akitufunga kamba."

Kicheko kikapita mstarini, kifupi, kisicho na utani ndani yake. Mwalimu alisimama. Alitaka kuwaambia msinifikirie hivyo, msiamini lile tangazo, msimwachie mtu mmoja ufunguo. Maneno yote yaliyomjia yalianza na msi.

"Jamani," alisema.

Wakamgeukia, wakangoja. Mama akagonga mkono wa kiti mara mbili, na mwalimu akasukuma.